Besi ya Kuazima

Bernard Edwards alipiga besi moja mwaka 1979, na besi hiyo haijapumzika mpaka leo. Wimbo ni "Good Times" wa kundi la Chic, aliouandika pamoja na mpiga gitaa Nile Rodgers. Agosti mwaka huo ulikuwa namba moja Marekani. Haukupita muda, Rodgers yuko klabu New York, anasikia besi ya mwenzake inatoka kwenye spika, ila sauti zilizo juu yake ni za vijana asiowajua, na wala hawaimbi: wanachana. Ilikuwa "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang. Rodgers na Edwards wakatishia kwenda mahakamani, na majina yao yakaingizwa kwenye orodha ya watunzi.

Kila jamaa zangu wa kijiweni wanapoanzisha ubishi wa nyimbo za zamani, mimi huanzia hapo, na kila mara hunizomea. Wao wanataka wachanaji Biggie na 2Pac, Mashariki na Magharibi, nani alikuwa na mistari na nani alikuwa na kelele. Mimi nataka kuzungumzia leseni, yaani ruhusa ya kutumia wimbo wa mwingine. Najua, leseni haimchangamshi mtu jioni. Lakini hoja yangu ni hii: hip-hop iliyoshika redio za dunia kati ya 1990 na 2000, ile tuliyokuwa tukiinasa kwenye kaseti huku tukimlaani mtangazaji anayebwabwaja juu ya kiitikio, ilipikwa na mawakili sawasawa na ilivyopikwa na maprodyuza. Ukizipanga nyimbo hizo kwa miaka, unausikia kabisa mwaka ambao hakimu alitoa hukumu.

Kwanza tukubaliane kwamba muziki wenyewe ulizaliwa juu ya santuri za watu wengine. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue kule Bronx, dada yake DJ Kool Herc aliandaa sherehe na kaka mtu akapiga muziki. Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alikuwa ameshaona kwamba wachezaji hawajali sana beti wala kiitikio; wanasubiri pale waimbaji wanaponyamaza na kubaki ngoma na besi. Basi akawa anatafuta nakala mbili za santuri ileile. Kipande kikiisha kwenye mashine hii, anakianzisha kwenye ile, na sekunde chache zinakuwa dakika nzima. Hakuna aliyemwomba mtu ruhusa, na hakukuwa na cha kuombea: ni sherehe ya mtaani, mtu anapiga santuri aliyoinunua.

Mambo yalibadilika pale Sylvia Robinson, mwanamama aliyewahi kuvuma kama mwimbaji, alipoamua kuiweka hali hiyo kwenye santuri. Kampuni yake, Sugar Hill, ilikuwa Englewood, New Jersey. Hakukata rekodi ya Chic. Aliwaweka wanamuziki studio wakaipiga upya. Vijana watatu wakachana juu yake kwa zaidi ya dakika kumi na nne. Na hapa pana kichekesho ambacho watu wengi wanakiruka. Mmoja wao, Big Bank Hank, alitumia mistari ya Grandmaster Caz wa Bronx, na hakujishughulisha hata kuisafisha: anapojitambulisha anataja herufi kwa herufi jina la Caz, siyo lake. Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa hip-hop kuvuma duniani una besi ya mtu na mistari ya mtu. Wenye besi walikuwa na kampuni na wakili, wakalipwa. Mwenye mistari alikuwa na daftari.

Hilo la daftari ndilo linalonifanya nisite kila mtu anaposema wachanaji waliwaibia wanamuziki. Chukua Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown. Novemba 1969, studio moja huko Cincinnati, Brown aliwaambia wenzake wampishe, na Stubblefield akapiga peke yake kwa takriban sekunde ishirini ndani ya "Funky Drummer". Sekunde hizo zimetumika kwenye nyimbo za hip-hop kiasi kwamba kuzihesabu ni kazi ya mtu asiye na kazi. "Fight the Power" ya Public Enemy ni mojawapo. Lakini mtunzi aliyeandikwa ni James Brown. Stubblefield alilipwa kama mpigaji, kazi ikaisha. Alifariki 2017. Gregory Coleman wa The Winstons, ambaye ngoma yake ya sekunde chache kwenye "Amen, Brother" ya 1969 ilikuja kujenga aina nzima za muziki wa dansi Uingereza, alikufa 2006 akiwa hana hata pa kulala. Watu hawa wawili walikuwa wameshadhulumiwa kabla mashine ya kunasa vipande vya santuri haijafika dukani. Utaratibu wa malipo ulimtambua aliyeandika jina kwenye karatasi. Mikono iliyopiga ilikuwa kibarua tu.

Mashine ilipofika, ilikuwa na uchoyo wake. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 iliweza kuhifadhi sekunde 10 tu za sauti. Sekunde 10 za kila kitu, ngoma, besi, tarumbeta, kelele. Wajanja wakagundua kwamba ukiipiga santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45, sauti inabanwa na kula nafasi ndogo. Ukishaiingiza, unaishusha tena taratibu mpaka mwendo wake. Inarudi imechakaa kidogo, ina mchanga ndani. Mchanga huo ndio watu wanaousifia leo kama ladha ya New York.

Na kati ya 1987 na 1991 walifanya maajabu. Public Enemy, na timu yao ya maprodyuza iliyoitwa Bomb Squad, walitoa albamu ya 1988 ambayo vipande vimepandana mpaka hujui king'ora kimetoka wapi na saksafoni imeishia wapi. Mwaka uliofuata De La Soul wakatoa "3 Feet High and Rising", na Beastie Boys wakatoa "Paul's Boutique" yenye sampo, yaani vipande vya rekodi za wengine, zaidi ya mia moja. Hii ndiyo hip-hop ninayoipenda kuliko zote, na sioni aibu kusema hakuna aliyeifikia tangu hapo. Ilikuwa kazi ya kusikiliza. Mtu alikaa na maboksi ya santuri kuukuu, akachomoa nusu sekunde hapa na pumzi pale, akapata kitu ambacho hakuna hata mmoja wa wale wa kwanza angekitambua.

Jiulize sasa kwa nini hazisikiki tena nyimbo za namna hiyo kwenye chati za baada ya 1992. Vipaji havikuwa vimekauka.

Mwaka 1990 ulileta nyimbo mbili zilizoipeleka hip-hop mahali ambapo haikuwahi kufika, na zote mbili zilifika kwa mgongo wa mtu. MC Hammer alichukua "Super Freak" ya Rick James, ya 1981, karibu nzima nzima, akaiita "U Can't Touch This". Rick James alishtaki, wakamalizana, akaandikwa kama mtunzi; na tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B ilipokuja, yeye naye akaipokea. Albamu ya Hammer ilikaa namba moja wiki 21. Tulimwiga wote na ile suruali. Mafundi cherehani wa mtaani kwetu walipata kula kwa Hammer bila Hammer kujua. Upande wa pili, Vanilla Ice akachukua besi ya "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa 1981, akafanya "Ice Ice Baby", na Novemba 1990 ukawa wimbo wa kwanza wa hip-hop kushika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani. Alipobanwa, alijitetea kwamba yake ina noti moja ya ziada. Utetezi huo bado unanichekesha. Majina ya Queen na Bowie yakaingizwa kwenye utunzi, na yamebaki huko.

Hizo zilikuwa kesi za kumalizana kwa mazungumzo. Iliyovunja meza ni ya Biz Markie, mcheshi wa hip-hop, mtu ambaye ungemdhania wa mwisho kusababisha historia ya sheria. Mwaka 1991 alitoa albamu yenye wimbo uliotumia piano ya "Alone Again (Naturally)", wimbo wa 1972 wa Gilbert O'Sullivan, mwimbaji wa Ireland. Ruhusa ilikuwa imeombwa, haikupatikana, na santuri ikatoka hivyo hivyo. Desemba 1991, New York, Jaji Kevin Thomas Duffy alitoa hukumu iliyofunguliwa na amri ya Biblia: usiibe. Akaamuru mauzo yasimame, kisha akapeleka jalada kwa mwendesha mashtaka aangalie kama kuna jinai. Jinai haikufuata, lakini ofisi zote za kampuni za rekodi zilikuwa zimeshasikia. Albamu ya Biz ya 1993 aliipa jina "All Samples Cleared!", yaani kila sampo humu imeombewa ruhusa. Jalada la mbele linamwonyesha mahakamani. Mtu akikung'ata, mwimbie.

Hapa lazima nieleze hesabu, maana bila hesabu miaka iliyofuata haieleweki. Ukichukua kipande cha wimbo unagusa haki mbili: ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni, na ya utunzi, ambayo ni ya mtunzi na mchapishaji wake. Kila mmoja ana bei yake, na anaweza kukataa tu kwa sababu ameamka vibaya. Sasa wimbo wenye vipande kumi na tano una wenyewe thelathini. Kila mmoja akitaka robo, hesabu haifungi. Lakini wimbo wenye kipande kimoja una mazungumzo mamoja, na kama utalipia kipande kimoja kwa fedha nyingi, basi afadhali kiwe kinajulikana na kila mtu, kikae mbele, kiimbwe na bibi na mjukuu. Ndiyo maana vitambaa vya viraka vikatoweka, zikaja suti kamili za mtu mmoja. De La Soul walibaki na albamu ambazo hata mitandao ya muziki ilipokuja hazikuweza kuwekwa huko mpaka Machi 2023, wiki chache baada ya mmoja wao, Trugoy, kufariki.

Prodyuza Dr. Dre alipata mlango wa uani. Katika "The Chronic", iliyotoka Desemba 1992, mara nyingi aliwaleta wanamuziki wakapiga upya miondoko ya makundi ya Parliament na Funkadelic. Rekodi haikuguswa, kwa hiyo kampuni haidai. Analipwa mtunzi peke yake. Matokeo yake sauti ikawa safi, nzito, inateleza, na redio ikaipenda. Sylvia Robinson alifanya hivyo hivyo mwaka 1979. Wengi wanaizungumzia "The Chronic" kama mapinduzi ya jua na magari ya California, na ni kweli, ila kilichoifanya ing'ae vile kilikuwa pia njia ya kuikwepa ankara.

Mimi nilikulia Tanga, Ngamiani, nyumba yenye watu wengi na redio moja. Mjomba wangu alikuwa baharia, na alikuwa na santuri alizozipanga chini ya kitanda kama nyaraka za serikali. Mwaka "Gangsta's Paradise" ya Coolio ilipovuma, 1995, tuliipiga kaseti mpaka utepe ukaanza kulia. Mjomba akatoka chumbani, akasikiliza beti moja ameshika mlango. "Huyu kamchukua Stevie mzima mzima, weye," akasema, akarudi ndani, akatoka na "Songs in the Key of Life" ya 1976, akaiweka "Pastime Paradise". Sisi tuliona ajabu. Yeye hakuona ajabu hata kidogo, alikuwa anataka tu haki itendeke.

Na kumbe ilitendeka, kwa namna ambayo ilimpa Coolio wimbo bora zaidi ya ule aliokusudia. Stevie Wonder hakukubali mpaka matusi yatoke. Coolio akayatoa. Kilichobaki ni kijana anayemwogopa Mungu na kifo, bila neno moja la kumfanya mzazi azime redio, na ndicho kilichoufanya wimbo upigwe kila mahali, ukafunga mwaka huo ukiwa wa kwanza kwenye orodha ya Billboard ya nyimbo za mwaka. Desemba hiyo Wonder mwenyewe alipanda jukwaani kuupiga pamoja naye. Kwa nyimbo nyingine ruhusa imekuwa kizuizi. Kwa huu, aliyetoa ruhusa alikuwa mhariri.

Fugees walikumbana na mhariri mkali zaidi. Walipotaka kuichukua "Killing Me Softly", walikusudia kubadili maneno iwe wimbo wa kupinga dawa za kulevya na umaskini. Watunzi, Charles Fox na Norman Gimbel, wakakataa. Basi ikabidi Lauryn Hill aimbe maneno yaleyale yaliyoimbwa na Roberta Flack mwaka 1973, na ngoma nzito ikawekwa chini yake. Nashukuru walikataliwa. Toleo la Fugees likawa singo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1996. Lakini kwenye albamu hiyohiyo, "The Score", kuna "Ready or Not", ambayo imejengwa juu ya mguno wa Enya kutoka "Boadicea" ya 1987, na huyo hakuombwa kabisa. Alikaribia kuwapeleka mahakamani. Wakamalizana, na albamu zikabandikwa vibandiko vya kumtaja. Ukiniuliza ni ipi sampo nzuri kuliko zote za miaka hiyo, nitakutajia hiyo, iliyochukuliwa bila hodi. Sina namna ya kulitatua hilo na sijaribu.

Kisha akaja Puff Daddy. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako; ya Puff ilimsitiri wiki 11 mfululizo namba moja. Rafiki yake, The Notorious B.I.G., yaani Biggie, aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, na miezi michache baadaye ikatoka "I'll Be Missing You", akiwa na Faith Evans, mjane wa marehemu, na kundi la 112. Chini yake ni gitaa la "Every Breath You Take" ya The Police, ya 1983, halijakatwa wala kufichwa. Kibali hakikuombwa kabla, na Sting akachukua haki za utunzi zote. Angalia sasa: gitaa lile, ambalo ndilo wimbo wenyewe ukiulizwa usiku wa manane, lilipigwa na Andy Summers. Summers hakuandikwa kama mtunzi. Ni hadithi ya Stubblefield ileile, safari hii kwa mzungu mwenye umaarufu wake. Sting alikuja kuimba na Puff jukwaani kwenye tuzo za MTV mwaka huohuo, na ungekuwa Sting nawe ungekwenda.

Wajuzi walimtukana sana Puff Daddy. Walisema ameua hip-hop, anachukua nyimbo za miaka ya 1980 na kuongea juu yake. Nakubaliana nao nusu. Uvivu ulikuwepo. Lakini mtu aliyefiwa, akachukua wimbo ambao kila mtu anaujua kwa moyo na kuutumia kulilia, anafanya kitu ambacho kwetu kila msiba unakijua: huwezi kutunga kilio kipya, unachukua kinachojulikana ili watu wote waitikie. Kwa wimbo huo mmoja namsamehe. Kwa vingine vyake, vya muziki na visivyo vya muziki, aah, hapana.

Na ni nani anayefaidi tena? Wimbo uliouondoa wa Puff namba moja kiangazi hicho ulikuwa "Mo Money Mo Problems" wa marehemu Biggie, na umesimama juu ya "I'm Coming Out" ya Diana Ross, ya 1980. Watunzi: Nile Rodgers na Bernard Edwards. Machi 1998 Will Smith akashika namba moja na "Gettin' Jiggy wit It", iliyochukua "He's the Greatest Dancer" ya Sister Sledge, ya 1979. Watunzi: Rodgers na Edwards. Wale waliotishia mahakama mwaka 1979 walikuwa wamegeuka hazina ya hip-hop. Edwards hakuyaona hayo. Alifariki Tokyo, Aprili 1996, baada ya onyesho ambalo Rodgers alikuwa naye jukwaani.

Jay-Z alikuwa na mbinu yake. Kwa ajili ya "Hard Knock Life" ya 1998 alihitaji watoto wanaoimba kwenye mchezo wa jukwaani wa "Annie", akawaandikia wenye haki barua ya kugusa moyo kwamba utotoni alishinda shindano la insha na zawadi ikawa kwenda kuuona mchezo huo. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba hakuna insha iliyoandikwa. Ruhusa akapata. Hukumu ya Jaji Duffy iliwalazimisha watu waombe. Haikuwalazimisha waseme kweli.

Jay-Z huyohuyo ndiye ananileta pwani kwetu. "Big Pimpin'" ya 1999, iliyotengenezwa na Timbaland, ina filimbi inayokwenda kwa mzunguko ambayo masikio ya Tanga, Unguja au Mombasa hayawezi kuikosea: ni ya Misri. Imetoka kwenye "Khosara Khosara", muziki wa Baligh Hamdi ulioimbwa na Abdel Halim Hafez mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni iliyojiona na haki ililipwa. Mpwa wa Hamdi akaona haikutosha, akashtaki mwaka 2007 huko California. Kesi ikatambaa mpaka 2015, ikatupwa. Rufaa nayo ikatupwa 2018. Hoja ilikuwa kwamba mpwa huyo alikwisha kuziuza haki zake za kiuchumi, na ile haki ya heshima ambayo sheria ya Misri inamwachia mtunzi na warithi wake, ya kukataa kazi isiharibiwe, haina nguvu Marekani. Yaani Stevie Wonder aliweza kusema "bila matusi", lakini familia ya Hamdi haikuweza.

Lakini nani kwetu angenyoosha kidole? Taarabu ya Unguja inasimuliwa kuwa ilianza pale Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilikua juu ya mahadhi ya Kairo. Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo alijenga jina kubwa kwa kuweka mashairi ya Kiswahili juu ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mama yangu alikuwa shabiki wake na pia alikuwa haikosi sinema, basi santuri ikianza yeye anakutajia filamu kabla Bhalo hajafungua kinywa. Hakuona kasoro. Kwake mahadhi yalikuwa kama ukumbi: hata ukiwa wa jirani, kinachohukumiwa ni shairi ulilokuja nalo. Hivyo kijana wa Dar es Salaam, Saleh J, alipochukua biti ya "Ice Ice Baby" mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuichania kwa Kiswahili, wengine waliona Umarekani. Mimi namwona Juma Bhalo aliyebadilisha suruali.

Saleh J hakuwa peke yake. Vijana walikuwa wakitafuta singo za nje kwa sababu ya upande wa pili, ule wenye biti tupu bila sauti. Ndugu aliyeko Dubai au Muscat aliagizwa hiyo, siyo nguo. Nairobi, Hardstone akachukua mwendo wa "Sexual Healing" ya Marvin Gaye, akaweka Kikikuyu na Kiingereza juu yake, akapata "Uhiki", mojawapo ya nyimbo zilizofungua njia ya muziki wa vijana Kenya. Hakuna Jaji Duffy aliyefika River Road wala Kariakoo. Kwetu biti za kuazima ziliondoka kwa sababu nyingine: studio zilikuja. Master J, P-Funk na wenzao walianza kutengeneza biti zao Dar es Salaam, redio binafsi zilizoanza na Radio One mwaka 1994 zikawa na njaa ya nyimbo za nyumbani, na kuchana juu ya biti ya Mmarekani kukaonekana ushamba.

Miaka yote hiyo kaseti zilikuwa zikinakiliwa madukani bila kikomo, za Coolio na za wa kwetu, kwenye mashine ileile, kwa bei ileile. Wenye "Good Times" na "Under Pressure" hawakupata senti kutoka Kariakoo. Wachanaji wa Sinza na Temeke nao hawakupata, na wao walikuwa wanapita mbele ya duka hilo kila siku wakijisikia spikani. Sheria mpya ya hakimiliki ikapitishwa Tanzania mwaka 1999, ikazaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki. Na waliopiga kelele kuliko wote kwamba jasho lao linanyonywa, kwamba mtu hawezi kuchukua kazi ya mwenzie hivihivi bila kumlipa, ni kizazi kilekile kilichojifunzia kuchana juu ya Vanilla Ice.